Japani si soko moja: Asiyejua mkoa hununua kutu

Mfanyabiashara wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala anapotuma fedha Japani kuagiza gari, mashine ya kufulia au mota ya kinu, kwa kawaida huhesabu kwamba ananunua katika nchi moja yenye tabia moja. Hesabu hiyo imewatia wengi hasara. Japani ina mikoa 47 na watu zaidi ya milioni 120, na imetandazwa kutoka Hokkaido, ambako theluji hulala miezi kadhaa ya mwaka, hadi Okinawa, ambako hakuna baridi ya kutisha ila upepo wa chumvi ya bahari.

Watu wa nchi hiyo wanasoma magazeti ya lugha moja na kutumia sarafu moja. Lakini chakula chao, umeme wao, sikukuu zao na hata namna ya kupatana bei hubadilika kadiri mtu anavyosafiri kutoka mashariki kwenda magharibi. Wenye viwanda wa Japani wanalijua jambo hilo na hupanga biashara yao kwa kulifuata. Mnunuzi wa Afrika Mashariki naye hana budi kulijua, kwa sababu baadhi ya tofauti hizo husafiri ndani ya bidhaa na kumfikia bandarini.

MPAKA USIOONEKANA

Wajapani wanapozungumzia tofauti za nchi yao huanza na pande mbili. Mashariki ni Kanto, yaani Tokyo na mikoa inayoizunguka. Magharibi ni Kansai, yaani Osaka, Kyoto, Kobe na jirani zao. Katikati yupo Nagoya, mji mkuu wa mkoa wa Aichi, ambao una desturi zake na hautaki kuhesabiwa upande wowote.

Mpaka hutajwa mara nyingi kuwa karibu na Sekigahara, mji mdogo wa mkoa wa Gifu ambako mwaka 1600 majeshi ya mashariki na ya magharibi yalipigana vita iliyoamua nani atawale nchi. Tokugawa Ieyasu alishinda, na mwaka 1603 akaanzisha serikali yake huko Edo, mji ambao tangu mwaka 1868 unaitwa Tokyo. Tangu hapo madaraka yakawa mashariki, lakini fedha na mchele viliendelea kupita Osaka. Mji huo ulipewa sifa ya kuwa jiko la taifa zima.

BAKULI MOJA, SUPU MBILI

Mfano unaowafaa zaidi wafanyabiashara unatoka kwenye tambi za bei nafuu. Kampuni ya Nissin ilianza kuuza tambi za papo kwa papo ziitwazo Donbei mwaka 1976. Kwa jina ni bidhaa moja na bakuli lake ni moja, lakini tangu mwanzo kampuni iliziuza kwa ladha mbili. Bakuli la mashariki lina alama ya herufi E na la magharibi lina W. Hokkaido nako kuna lake. Mshindani wao, Maruchan, naye huuza tambi zake za Akai Kitsune kwa ladha nne kufuatana na eneo.

Sababu iko kwenye supu. Mashariki hupenda supu nyeusi, yenye sosi ya soya iliyokolea rangi na harufu ya samaki wa jamii ya jodari aliyekaushwa na kuparwa. Magharibi hupenda supu angavu, inayoonyesha chini ya bakuli, iliyotengenezwa kwa mwani mpana uitwao kombu. Mwani huo ni wa bahari ya baridi, si ule unaolimwa Unguja na Pemba. Zamani ulipakiwa Hokkaido kwenye majahazi yaliyopita pwani ya magharibi hadi Osaka. Hivyo njia ya biashara ndiyo iliyoamua ladha ya watu, na majahazi yalipokoma ladha ilibaki.

Sosi yenyewe ina makao mawili. Ile nyeusi ni maarufu katika miji ya Noda na Choshi, mkoani Chiba, karibu na Tokyo. Noda ndiko ilikotoka kampuni ya Kikkoman. Ile nyepesi ina sifa huko Tatsuno, mkoani Hyogo, karibu na Kobe. Mgeni akiona rangi hudhani nyepesi ina chumvi kidogo. Kinyume chake, sosi nyepesi kwa kawaida ndiyo yenye chumvi zaidi, ila haibadilishi rangi ya chakula.

Hata neno nyama lina maana mbili. Mkazi wa Osaka akisema nyama bila kufafanua, anamaanisha ya ng'ombe. Mkazi wa Tokyo aghalabu hufikiria ya nguruwe. Kwa sababu hiyo andazi lenye nyama ya nguruwe, ambalo Tokyo huitwa andazi la nyama tu, Osaka lazima litajwe nguruwe kwa jina, la sivyo mlaji ataona amedanganywa. Mwislamu anayesafiri huko kibiashara ana sababu yake mwenyewe ya kulikumbuka jambo hili.

Siku ya mwaka mpya nyumba nyingi hupika supu yenye vipande vya mkate wa mchele uliotwangwa, uitwao mochi. Mashariki mochi ni ya mraba, magharibi ni ya mviringo, na mkoa wa Kagawa huiweka ikiwa na maharage matamu ndani, kwenye supu ya chumvi. Inaelezwa kwamba Edo ilijaa watu, na kusukuma donge kubwa kisha kulikata kwa kisu kulikuwa kwa haraka kuliko kuviringa moja moja kwa mkono.

DESTURI YAGEUZWA BIASHARA

Kuna desturi moja ya magharibi ambayo sasa iko nchi nzima, na iliyoieneza ni rafu ya duka. Mwanzoni mwa Februari, siku ya kuaga majira ya baridi kwa kalenda ya kale, watu wa Osaka walikuwa na mazoea ya kula msokoto mzima wa wali na mwani bila kukata na bila kusema neno, huku wakitazama upande wa bahati wa mwaka huo. Tokyo haikuwa na habari.

Mwaka 1989 maduka ya 7-Eleven yalianza kuuza misokoto hiyo huko Hiroshima, na mwaka 1998 yakaiuza nchi nzima. Maduka mengine yakafuata. Leo mtoto wa Tokyo hudhani ni desturi ya babu zake.

Lakini bidhaa ya siku moja ina hatari ambayo kila muuza mbuzi wa Idi au kadi za Krismasi anaifahamu: kesho yake haina mnunuzi. Maduka yaliagiza mingi kupita kiasi, na picha za misokoto iliyotupwa zikazusha malalamiko. Januari 2019 Wizara ya Kilimo ya Japani iliwaandikia wenye maduka ikiwataka watengeneze kwa kadiri ya mahitaji. Baada ya hapo maduka mengi yaliweka mbele utaratibu wa mteja kuagiza mapema.

NCHI MOJA, UMEME WA AINA MBILI

Tofauti inayomgusa moja kwa moja mwagizaji wa vyombo vya umeme vya mtumba haionekani kwa macho. Katika miaka ya 1890 kampuni ya umeme ya Tokyo ilinunua mitambo ya Kijerumani ya AEG, iliyotoa umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde. Kampuni ya Osaka ikanunua ya Kimarekani ya General Electric, ya mizunguko 60. Kila mmoja akaeneza wake, na hadi leo nchi imegawanyika. Mpaka unapita takriban kutoka mto Fuji, mkoani Shizuoka, hadi Itoigawa, mkoani Niigata.

Gharama yake ilionekana wazi Machi 2011, tetemeko na tsunami vilipoangusha vituo vya umeme vya mashariki. Magharibi kulikuwa na umeme, lakini mitambo ya kuubadilisha ilikuwa michache na uliovuka mpaka haukutosha. Tokyo ikaingia kwenye mgawo. Uwezo wa mitambo hiyo uliongezwa, ukafika kilowati milioni 2.1 mwaka 2021.

Kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki, mambo mawili yasichanganywe. La kwanza ni nguvu ya umeme. Majumbani Japani hutumia volti 100, wakati huku ni 230 hadi 240. Tatizo hilo linatatuliwa na transfoma, na kila fundi wa mtaani analijua.

La pili ni mizunguko, na hapo transfoma haisaidii kitu. Transfoma hushusha volti, haibadilishi mizunguko. Umeme wa Tanzania, Kenya na Uganda ni wa mizunguko 50, sawa na wa Tokyo. Chombo cha Osaka kilichoandikwa 60Hz peke yake, kikiletwa huku, kitafanya kazi kwa namna ambayo hakikuundiwa. Mota itazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita. Mota iliyokuwa na mizunguko 1,800 kwa dakika itashuka hadi karibu 1,500. Saa ya kupanga muda itachelewa. Koili ya oveni ya zamani ya maikrowevu itapata joto kupita kiasi na huenda ikaungua. Mnunuzi humlaumu aliyemuuzia au fundi, kumbe kosa lilifanyika siku ya kuchagua.

Dawa yake ni kusoma kibandiko nyuma ya chombo. Kilichoandikwa 50/60Hz hakina wasiwasi kwa upande wa mizunguko. Kilichoandikwa 50Hz kilitengenezwa kwa mashariki na kinafaa. Kilichoandikwa 60Hz tu kiachwe, labda kama mnunuzi ana mtambo wa kubadilisha mizunguko. Vyombo vipya vyenye kidhibiti cha elektroniki, kama friji na mashine nyingi za kufulia za siku hizi, hukubali umeme wa aina zote mbili, lakini kibandiko ndicho kithibitisho.

Wenye karakana wawe waangalifu zaidi. Mashine za viwandani za njia tatu za umeme Japani hutumia volti 200, wakati huku ni 400 au zaidi kidogo. Mashine ya kukereza vyuma au kompresa iliyotoka kiwanda cha Aichi au Osaka ilifanya kazi kwa mizunguko 60. Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe picha ya kibati cha mota, si picha ya mashine tu.

THELUJI, CHUMVI NA CHASISI

Hakuna bidhaa ya Japani inayojulikana Afrika Mashariki kuliko gari la mtumba. Hapa ndipo desturi za mikoa zinapoingia chini ya gari.

Mikoa ya Hokkaido, Aomori, Akita, Yamagata, Niigata, Toyama, Ishikawa na Nagano hupata theluji nyingi. Zamani madereva walifunga tairi zenye misumari, lakini misumari ilikwangua lami na kujaza hewa vumbi. Mwaka 1990 ilipitishwa sheria ya kuzizuia. Tairi za mpira laini zikachukua nafasi yake, barabara zikawa za kuteleza, na matumizi ya chumvi ya kuyeyusha barafu yakaongezeka. Chumvi hiyo hurukia chini ya gari na kukaa kwenye chasisi, mabomba ya breki na viungo vya springi.

Si kila mji wa theluji hutumia chumvi kwa wingi. Nagaoka, mkoani Niigata, ni maarufu kwa kutandaza mabomba barabarani yanayorusha maji ya ardhini, yenye uvuguvugu wa kutosha kuyeyusha theluji. Maji hayo yana chuma, na barabara za mji zimegeuka rangi nyekundu. Hata hivyo, gari la mkoa huo halikai mjini tu, na barabara kuu zinazotoka nje zina chumvi.

Okinawa haina theluji, lakini ina upepo wa bahari kila upande, na kutu yake huanzia juu kama vile chini. Kisiwa hicho kina historia nyingine ya barabarani: chini ya utawala wa Wamarekani magari yalipita kulia, na ilipofika tarehe 30 Julai 1978 ndipo yalihamishiwa kushoto kama sehemu nyingine za Japani.

Gari la nchi ya baridi lina faida pia. Magari mengi ya huko huvuta kwa magurudumu yote manne, na yale yaliyotengenezwa mahsusi kwa baridi huwa na betri kubwa na stata yenye nguvu zaidi. Mkulima wa Mbulu au Kinangop anayepita kwenye matope anaweza kulitafuta gari la namna hiyo kwa makusudi, mradi akague chini yake kwanza.

Mnunuzi asikubali kudanganywa na jina la mnada au la bandari. Gari lililotumika Niigata linaweza kuuzwa kwenye mnada wa Chiba au wa Aichi na kupakiwa melini Yokohama, Nagoya au Kobe. Mahali lilipouzwa hapaonyeshi mahali lilipoishi. Kibao cha namba cha Japani ndicho kinachotaja eneo la usajili, kwa mfano Sapporo, Niigata, Shinagawa au Naniwa, na karatasi za minada mingi zina nafasi ya kuandika usajili huo. Wakala mwaminifu anaweza kuusoma na kumweleza mteja.

Karatasi hiyo ya mnada ina alama nyingine za kujifunza. Herufi S kwenye mchoro wa gari ni kutu, na C ni bati lililoliwa. A ni mchubuko, U ni kubonyea, W ni mahali palipowahi kunyooshwa, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Daraja la R au RA humaanisha gari limewahi kutengenezwa sehemu za muundo wake. Maelezo ya kutu ya chini ya gari huandikwa kwa Kijapani pembeni, na hayo ndiyo ambayo mara nyingi hayatafsiriwi.

MJI WA TRENI NA KIJIJI CHA KIRIKUU

Matumizi ya gari nayo hutofautiana. Tokyo ina treni kila kona, na ni wastani wa takriban gari 0.4 kwa kila kaya. Mkoa wa Fukui, kwenye pwani ya Bahari ya Japani, una takriban 1.7. Tokyo mwenye gari lazima athibitishe kwamba ana maegesho yasiyozidi kilomita mbili kutoka kwake. Vijijini sehemu nyingi hazidai hivyo kwa magari madogo ya injini isiyozidi sentimita za ujazo 660.

Magari hayo madogo ya mizigo, ambayo Tanzania huyaita Kirikuu, ni jembe la mkulima wa Kijapani. Hupita kwenye matuta ya mpunga, hubeba mbolea na kabichi, na huegeshwa nje. Kilomita zake zinaweza kuwa chache, lakini kilomita chache za shambani si sawa na kilomita chache za lami. Gari la familia la Tokyo linaweza kuwa limetembea Jumapili tu. Mnunuzi anayelinganisha namba za kwenye dashibodi bila kuuliza gari liliishi wapi analinganisha vitu viwili visivyofanana.

Sababu ya magari hayo kuuzwa mapema ni ya nchi nzima. Gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama za ukaguzi huwafanya wenye magari wengi kuuza kabla ya zamu kufika.

BEI: DHAHABU NA FEDHA

Wakati wa utawala wa Edo, mashariki ilihesabu bei kwa sarafu za dhahabu na magharibi kwa fedha iliyopimwa kwa uzito. Thamani ya moja kwa nyingine ilipanda na kushuka, na aliyesafirisha bidhaa kati ya Osaka na Edo alihitaji mbadilisha fedha kama vile mfanyabiashara wa Namanga au Tunduma anavyomhitaji leo.

Osaka ndiko soko la mchele la Dojima lilikotambuliwa rasmi na serikali mwaka 1730. Walikuwa wakiuziana mchele ambao haujafika, kwa bei ya siku zijazo. Soko hilo huhesabiwa miongoni mwa masoko ya kwanza ya aina hiyo duniani. Urithi haujapotea. Masoko ya hisa ya Tokyo na Osaka yalipoungana mwaka 2013, hisa zenyewe zilibaki Tokyo, na mikataba ya bei za baadaye ikakusanywa Osaka mwaka 2014. Agosti 2024 mikataba inayofuata bei ya mchele ilianza tena huko Dojima.

Tabia ya kupatana bei ina historia yake pia. Mwaka 1673 ukoo wa Mitsui, wenye asili ya Matsusaka, ulifungua duka la vitambaa Edo na kupata sifa kwa kuuza kwa taslimu, bei moja kwa kila mtu. Osaka ndiko kunakosifika kwa mnunuzi kuomba apunguziwe bila aibu, hata kwenye duka la vyombo vya umeme. Kuna salamu ya kale ya wafanyabiashara wa huko inayouliza kama faida inapatikana, na jibu lake ni sawa na kusema hivyo hivyo tu. Siku hizi hutumika zaidi kwa utani.

Kyoto ni kinyume. Watu wake husifiwa na kulaumiwa kwa kusema kwa mafumbo. Kisa kinachosimuliwa nchi nzima ni cha mwenyeji anayemkaribisha mgeni wali wa chai, na maana yake ni kwamba mgeni aage. Mtu wa pwani aliyezoea lugha ya kuzunguka hataona ajabu. Hata nje ya Kyoto, Mjapani anayejibu kwamba ataliangalia suala hilo mara nyingi amekwisha kukataa. Anayesubiri jibu hilo kwa wiki tatu anapoteza msimu.

Mkoa wa Shiga, jirani wa Kyoto, ulitoa wachuuzi wa Omi waliotembeza bidhaa mabegani nchi nzima. Kanuni inayohusishwa nao inasema biashara imfae muuzaji, imfae mnunuzi na iufae umma. Kampuni kubwa ya Itochu, iliyoanzishwa mwaka 1858 na mchuuzi wa Omi, iliitangaza kanuni hiyo kuwa dira yake mwaka 2020.

KAHAWA YA KILIMANJARO NA KIFUNGUA KINYWA CHA NAGOYA

Muuzaji wa Afrika Mashariki naye ana la kujifunza. Kahawa ya Tanzania huuzwa Japani kwa jina la Kilimanjaro. Kwa taratibu za biashara ya kahawa za nchi hiyo, jina hilo ni la arabika ya Tanzania isipokuwa ya Bukoba, hivyo kahawa ya Mbinga au Mbozi huuzwa kwa jina la mlima ulio mbali nayo. Kahawa iliyochanganywa lazima iwe na angalau asilimia 30 ya kahawa hiyo ndipo itumie jina.

Wajapani hawanywi kahawa kwa namna moja. Nagoya na mkoa jirani wa Gifu ni nchi ya vibanda vya kahawa. Asubuhi mteja akilipia kikombe huletewa mkate uliookwa na yai bila kuongeza fedha. Kampuni ya Komeda's Coffee ilianzia Nagoya mwaka 1968 na kuieneza desturi hiyo mbali. Katika takwimu za serikali za matumizi ya kaya, Gifu na Nagoya huongoza kwa fedha zinazotumika kwenye vibanda hivyo. Kyoto huwa mbele kwa kahawa na mkate wa kutumia nyumbani, ingawa wageni huifikiria kuwa mji wa chai tu. Takwimu hizo hutolewa mji kwa mji, na chama cha ushirika kinachotafuta mnunuzi kinaweza kuona wapi pa kuanzia.

SIKUKUU ZINAZOSIMAMISHA MELI

Sikukuu ya kuwakumbuka wazee waliofariki, Obon, Tokyo huadhimishwa katikati ya Julai, lakini sehemu kubwa ya nchi huifanya katikati ya Agosti. Tofauti ilitokea Japani ilipopokea kalenda ya Kizungu mwaka 1873. Okinawa bado hufuata mwezi. Kwa biashara, inayohesabika ni ya Agosti: ofisi, minada na gereji nyingi hufungwa karibu na tarehe 13 hadi 16.

Mapumziko mengine makubwa ni mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Mei, na tarehe 29 Desemba hadi 3 Januari. Aichi ina jambo la ziada. Viwanda vinavyohusiana na Toyota, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1937 katika mji ambao mwaka 1959 ulibadili jina kufuata kampuni hiyo, vina kalenda yao: hufanya kazi siku nyingi za sikukuu za taifa na kulipiza kwa mapumziko marefu. Anayehitaji vipuri aulize kalenda hiyo kabla ya kuahidi wateja.

Anayesafiri mwenyewe ataona tofauti tangu stesheni. Kwenye ngazi zinazotembea, Tokyo husimama kushoto na Osaka husimama kulia, wakiacha njia kwa wenye haraka. Mkoa wa Saitama tangu Oktoba 2021 na mji wa Nagoya tangu Oktoba 2023 wana kanuni zinazotaka kila mtu asimame. Anayepanga nyumba ya ofisi Tokyo atakuta amana, zawadi ya mwenye nyumba isiyorudi, na ada ya kuhuisha mkataba. Kansai ilizoea kukata kiasi kilichokwisha kupangwa kutoka kwenye amana. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya nchi hiyo ilikubali aina zote mbili, mradi kiasi kisipite kipimo. Kwa hiyo mkataba usomwe.

MASWALI KABLA YA KUTUMA FEDHA

Tofauti hizi zinapungua. Treni ya kasi imeunganisha Tokyo na Osaka tangu mwaka 1964, na maduka makubwa ni yale yale kila mkoa. Wapo pia watu wa Osaka wasioomba kupunguziwa na watu wa Tokyo wanaopenda supu angavu. Lakini chumvi kwenye chasisi na mizunguko kwenye mota havibadiliki kwa kuzoeana.

Mwagizaji amuulize wakala wake maswali manne, na majibu yaje kwa maandishi. Gari lilisajiliwa mkoa gani? Karatasi ya mnada, pamoja na maelezo ya Kijapani, inasema nini juu ya kutu ya chini, na picha za chini ziko wapi? Kibati cha mota au kibandiko cha chombo kinasoma Hz ngapi? Na je, malipo na tarehe ya meli vinaangukia mapumziko ya Mei, Agosti au mwaka mpya? Wakala asiyeweza kujibu swali la kwanza hajaisoma karatasi anayolipwa kuisoma.